Leo Wamemketisha Mayunga

Jumanne, Tabora. Mvua zinasuasua na joto limeukalia mji tangu asubuhi. Naandika nikiwa kibarazani kwangu, miguu ndani ya beseni la maji, na hasira niliyotoka nayo hospitali bado haijapoa.

Leo sitaandika kwa upole. Anayetaka upole asome niliyoandika zamani kuhusu bustani.

Kwa wanaofungua ukurasa huu kwa mara ya kwanza: Mayunga ni mtoto wa mdogo wangu Petro, mkulima wa tumbaku huko Sikonge. Mimi ni shangazi yake, mwalimu mstaafu, mjane, mwenye nafasi ya kushinda hospitali. Juma lililopita Mayunga alipanda mti wa mtundu msituni ili atundike mzinga wa nyuki. Tawi lilikatika, akaanguka, shingo ikatangulia. Wenzake, kwa huruma isiyoambatana na akili, walimweka katikati ya watu wawili juu ya pikipiki, kichwa kikining'inia, wakamkimbiza hadi barabara kuu. Hilo nimeshalisema mbele yao na wamelia mbele yangu, kwa hiyo silirudii. Pingili mbili za shingo zimevunjika, na uti unaopita ndani yake, ule unaobeba mishipa ya fahamu kutoka kichwani, umebanwa.

Haukukatika. Umebanwa. Daktari alilirudia neno hilo mara nyingi, nami nalishikilia.

Miguu yake haisikii kitu. Mabega yanapanda. Viwiko vinakunjika kwa shida. Na jana asubuhi, daktari alipomwambia ajaribu kuinua mkono wa kulia kuanzia kwenye kifundo, kiganja kiliinuka. Kiliinuka kidogo tu, kama mwanafunzi mwoga anayetaka kujibu swali lakini hana hakika. Nilikiona kwa macho yangu. Daktari alifurahi kuliko nilivyotarajia. Aliniambia nje ya mlango kwamba kifundo hicho ndicho kinachotenganisha mtu atakayejilisha mwenyewe na mtu atakayelishwa maisha yake yote.

Basi tangu jana mimi naishi kwa ajili ya kifundo kimoja cha mkono.

Niandike sasa jinsi daktari alivyotueleza, kwa sababu nimelieleza jambo hili kwa watu wengi kwa mdomo na naona mdomo haufai. Daktari huyu ni kijana, mpole, na ana subira ambayo mimi sikuwa nayo hata nilipokuwa na umri wake. Alimgeukia Petro.

"Mzee, kitaluni kwako unamwagilia kwa mpira?"

"Kwa mpira na pampu ndogo."

"Ng'ombe akisimama juu ya mpira, maji yanafika kwenye miche?"

"Hayafiki. Au yanafika kwa kudondoka."

"Na kama ng'ombe huyo huwezi kumwondoa leo?"

Petro alifikiri kwa dhati, maana anawajua ng'ombe. "Naongeza nguvu ya pampu, miche isife, mpaka nipate watu wa kumwondoa."

"Ndicho tunachofanya hapa," akasema daktari.

Uti wa Mayunga umevimba ndani ya mfereji mwembamba wa mfupa, na damu inapenya kwa taabu. Presha isipokuwa na nguvu, damu haifiki, na sehemu iliyojeruhiwa tu inageuka kuwa sehemu iliyokufa. Tatizo la pili ni kwamba mishipa ya fahamu iliyoumia ndiyo hiyo hiyo inayoiamuru mishipa ya damu ikaze. Sasa hakuna anayeiamuru. Imelegea yote, moyo nao unapiga polepole, na damu inajilalia miguuni na tumboni. Ndiyo maana amewekewa dawa inayoingia kwa pampu, tone kwa tone, ya kuikaza mishipa hiyo. Ndiyo maana pia amelazwa chali bila mto, shingo ndani ya kola ngumu, na akigeuzwa hugeuzwa na watu wanne kwa pamoja, mwili mzima kama gogo. Akiinuliwa kichwa, damu inateremka na haina wa kuirudisha.

Juu ya kitanda kuna mashine yenye namba. Daktari alituonyesha namba moja ndogo iliyofungiwa ndani ya mabano. Hiyo ndiyo nguvu ya wastani inayoisukuma damu. Isishuke chini ya themanini, alisema. Siku hizi za mwanzo ndizo zinazoamua. Presha ikitulia atasafirishwa kwenda hospitali kubwa, kwa wapasuaji watakaomwondoa ng'ombe. Isipotulia, hatavumilia barabara.

Nadhani maelezo hayo yanaeleweka. Yanaeleweka kwa mtu yeyote anayesikiliza.

Ndugu zangu hawasikilizi.

Katika ukoo wetu kila aliyevuka miaka hamsini ana presha yake, na kila mwenye presha ni tabibu. Kwao presha ina kazi moja tu duniani, nayo ni kupanda, na binadamu naye ana kazi moja, kuishusha. Waliposikia kwamba madaktari wanampandisha Mayunga presha kwa makusudi, kundi la familia kwenye simu lilichafuka. "Xaxa wanampandisha ili iweje?" aliandika mmoja. "Wampe kitunguu swaumu, 2tashukuru baadae." Mwingine alishauri tumhamishe kabla hawajammaliza. Niliketi nikaandika jibu lenye aya nne, kila koma mahali pake, nikieleza kuhusu mpira na ng'ombe. Nilijibiwa kwa picha ya kidole gumba.

Kisha akaja Kulwa, mjomba wake Mayunga, na chupa ya juisi ya rozela aliyoichemsha mwenyewe, nyekundu, nzito, ya kushusha presha. Alikuwa ameshaweka mrija mdomoni mwa mgonjwa nilipoingia. Nilimnyang'anya chupa nikainywa yote mbele yake, kwa kuwa presha iliyohitaji kushushwa pale chumbani ilikuwa yangu.

"Shemeji, umekunywa dawa ya mgonjwa," akasema.

"Nimekunywa. Sasa nenda nyumbani."

Hakwenda.

Jumapili ilikuwa kwaya ya kanisani kwetu. Walitaka mgonjwa ainuliwe kidogo ili waombe wakiwa wameshikana naye mikono, kama tunavyofanya siku zote. Muuguzi aliwakatalia, nao wakaondoka wakinong'ona kwamba hospitali siku hizi haina hofu ya Mungu.

Nimelitafakari jambo hili nikiwa njiani. Mji wetu ulikua kwa kupokea watu. Misafara ilikuwa ikiingia kutoka pwani na kutoka ziwani, watu wamechoka, wamebeba, na mwenyeji akasimama kuwapokea. Misafara imekwisha lakini kusimama kumebaki. Hapa kwetu mgeni akiingia, mwenye homa atajikokota aketi. Mwenye mguu uliovunjika ataomba kiti. Nimemwona mama yangu mzazi, katika ugonjwa wake wa mwisho, akidai afungwe kitambaa kichwani na aegemezwe ukutani kwa sababu jirani alikuwa anapiga hodi. Sikuona ajabu wakati ule. Ni tabia nzuri. Nimewafundisha watoto wa watu tabia hiyo kwa miaka mingi, na nimewaadhibu walioipuuza.

Leo ndiyo nimeona inavyoweza kumuumiza mtu.

Asubuhi zilikuja habari kwamba mama yake Nyamizi anatoka Kigwa kuja kumjulia hali mkwe wake. Nyamizi ni mke wa Mayunga. Amejifungua majuzi na yuko hukohuko Kigwa kwa mama yake pamoja na mtoto mchanga, hivyo mama huyu ndiye macho ya binti yake. Habari ilipomfikia Mayunga, nilimwona amebadilika. Mtu asiyeweza kuinua kichwa alianza kutafuta namna ya kuinuka kwa kutumia macho peke yake.

Wasio wa kwetu huenda wasielewe. Sisi Wanyamwezi wenye kushika mila, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbali. Wakikutana njiani, mwanamume anaacha njia. Hali naye sahani moja, haketi naye penye mkeka mmoja, hamtazami usoni. Kulala chali mbele yake, kifua wazi, mrija wa mkojo unaning'inia kando ya kitanda, hilo halifikiriki.

"Shangazi," akaniita, na sauti yake ni ndogo kwa sababu misuli ya kifua nayo imelegea. "Mama mkwe hawezi kunikuta hivi."

"Atakukuta hivyohivyo."

"Nivalishwe shati tu. Niegemezwe."

"Mayunga, damu yako ikienda miguuni, shati litakusaidia nini?"

Alifumba macho. Nilidhani amekubali. Mwalimu mzima, niliyekaa na watoto wakaidi maisha yangu yote, nilidhani anayefumba macho amekubali.

Muuguzi alikuwa ameniomba bandeji pana za kuvutika, za kumfunga miguuni ili damu isituame huko, kwa kuwa za wodini zilikuwa zimekwisha. Nilitoka kwenda duka la dawa lililo ng'ambo ya barabara. Petro na Kulwa nikawaacha kando ya kitanda. Nilipotoka muuguzi alikuwa anamhudumia mgonjwa wa kona ya pili, nyuma ya pazia.

Niliporudi, mashine niliisikia tangu kwenye ujia.

Walikuwa wamezungusha ule mkono wa chuma ulio chini ya kitanda, na nusu ya kitanda ilikuwa imesimama. Petro alikuwa amemshika Mayunga mabega ili asiteleze. Mkono mmoja ulikuwa umeshapitishwa kwenye shati jeupe la kanisani, mwingine bado. Na Kulwa, Kulwa wa rozela, alikuwa anabonyeza mashine kila mahali akitafuta pa kuinyamazisha, eti isimpigie mama mkwe kelele.

Uso wa Mayunga ulikuwa na rangi ya majivu. Macho yalikuwa wazi. Nilimwita. Hakuniona.

Namba ndani ya mabano ilikuwa hamsini na kitu. Sikuisoma hadi mwisho.

Muuguzi alitoka nyuma ya pazia akikimbia. Ni binti mwenye adabu, kila asubuhi hunisalimu kwa kupiga goti kidogo, na hata katika mkimbio ule adabu haikumtoka. "Shikamooni wazee, tokeni nje!" alisema, na kabla hawajaitikia alikuwa ameshakishusha kitanda kwa mkono mmoja na kumsukuma Petro kwa mwingine. Aliinua miguu ya Mayunga juu ya mito. Akampigia daktari kelele. Akaigusa pampu, akatazama, akaigusa tena. "Mayunga! Mayunga, nisikie! Mama, mwite na wewe, anaijua sauti yako."

Nikamwita. Nilimwita kwa sauti niliyokuwa nikiitumia uwanjani wakati wa gwaride.

Daktari alifika. Ilipita muda ambao sitaki kuupima. Rangi ilirudi kwanza midomoni, halafu kwenye mashavu, na namba ikapanda kwa uvivu, sitini, sitini na kitu, sabini, ikakaa pale ikitutesa, kisha ikavuka themanini. Mayunga akanitazama akasema, "Amefika?"

Ningeweza kumpiga kofi. Nilimfuta jasho.

Daktari aliangalia shingo, akaangalia kola, akaangalia dawa. Kisha akashika ule mkono wa kulia. "Mayunga, niinulie kiganja kama jana."

Kiganja hakikuinuka.

"Jaribu tena. Usiharakishe."

Niliona misuli ya shingo yake ikihangaika ndani ya kola. Niliona paji la uso likikunjamana. Kiganja kilikaa pale juu ya shuka kama kitu kilichosahauliwa na mtu.

Nje ya mlango nilimwuliza daktari. Alinijibu kama mtu mzima anavyopaswa kujibiwa. "Huenda amechoka, Mwalimu. Huenda damu ilipopungua, sehemu ile imelala na itaamka. Huenda tumeipoteza. Leo siwezi kukwambia ni lipi."

Tumeipoteza. Kwa sababu ya shati.

Petro alikuwa kwenye baraza ndefu ya nje, ameegemea nguzo. Nilimwendea. Najua majirani wa wagonjwa wote wa wodi ile walinisikia, na sioni aibu.

"Nilikwambia nini? Petro, mimi nilikwambia nini?"

"Dada, ulitaka alale chali mbele ya mama mkwe wake? Kama maiti?"

"Nilitaka alale chali hata angekuja mkuu wa nchi!"

"Wewe umesoma mno. Mila umezisahau."

"Mila sijazisahau. Nimezikuta kitandani, zimevaa mkono mmoja wa shati, zinataka kumwua mtoto wako."

Kulwa alijaribu kusema kwamba hata yeye presha ikimshuka huwa anakula chumvi kidogo na inarudi. Nilimtazama tu. Akaenda kusimama kwenye nguzo nyingine.

Kisha Petro akasema jambo lililonifunga mdomo. Alilisema akiitazama sakafu. "Yeye ndiye aliyeniomba. Ulipotoka tu. Akasema, baba, niinue, nisiaibike. Tangu aanguke hajaniomba kitu. Hata maji hajaniomba. Ningemkataliaje?"

Ninayo maelezo ya daktari, yamenyooka na yote ni kweli, lakini hayajibu swali hilo.

Wakati huo ndipo sauti ya mwanamke ilipotoka upande wa pili wa kona. "Nani aliwaambia mimi nataka kuingia?"

Tulikwenda kuangalia. Mama yake Nyamizi alikuwa ameketi chini, khanga ameitandika, miguu ameinyoosha, kapu lake pembeni. Alikuwa chini ya dirisha la wodi, na dirisha amelipa mgongo. Ni mwanamke wa umri wangu, mwembamba, mkono mmoja una kovu la moto. Alikuwa pale tangu kabla sijaenda dukani.

Petro alishuka kwa magoti papo hapo. Kulwa naye, japo kwa kuchelewa. Nami nikamsalimu, "Mwangaluka," akaitikia kwa ufupi wa mtu aliyeudhika.

"Nauliza. Nani aliwaambia naingia? Niingie chumba anacholala mkwe wangu, hana nguo, nikaangalie nini humo?"

"Mkwe wetu, tulidhani…" Petro alianza.

"Mlidhani! Nimetoka Kigwa na gari la alfajiri. Nimeketi hapa nje kama inavyotakiwa. Nimegeuka huku kama inavyotakiwa. Namngoja mtu mmoja tu, mwenye akili zake, atoke aniambie mtoto anaendeleaje, nikamwambie mwenzake. Hatoki mtu! Nasikia vyuma vinazungushwa. Nasikia kengele. Halafu nasikia nyie mnagombana kwa jina langu!"

Muuza karanga aliyekuwa anapita alipunguza mwendo ili asikie vizuri.

"Nyie watu mnaokaa karibu na mji," akamalizia, "heshima mmeisikia kwa mbali, mkakamata nusu."

Nimeyawazia maneno hayo jioni yote. Ndani, mwanamume anaomba ainuliwe kwa sababu anamheshimu mama mkwe. Nje, mama mkwe ameketi chini ya dirisha kwa sababu anamheshimu mkwe wake. Mila ni ileile moja, wote wawili wanaishika sawasawa, na katikati yao palikuwa na ukuta tu na watu wazima watatu. Hakuna hata mmoja wetu aliyetoka kuuliza, "Mama, umefika? Unataka nini?" Petro hakuuliza kwa kuwa mama huyu ni mkwe, na mkwe hahojiwi. Kulwa hakuuliza kwa kuwa Kulwa haulizi. Mimi sikuuliza kwa kuwa nilikuwa nina shughuli ya kuwa sahihi.

Hilo nimeliandika, nimelisoma, na silifuti.

Niliketi chini karibu naye, magoti yangu yakilalamika, nikamweleza yote. Nilianza na mpira na ng'ombe. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipofika kwenye kiganja, alifunika mdomo kwa ncha ya khanga.

"Kwa hiyo kila anayekuja na heshima zake anamwua," akasema.

"Kwa siku hizi, ndiyo, mkwe wangu."

"Na wanakuja wengi?"

"Wanakuja kila siku. Nimewaeleza, nimewaandikia, nimewafokea."

Aliinuka. Alikung'uta khanga, akachukua kapu, akatembea hadi mlango wa wodi. Hakutazama ndani. Akatandika tena pale pale kizingitini, mgongo kwa wagonjwa, uso kwa wanaokuja, na mtu asingeweza kupita bila kumruka. Muuguzi alitaka kusema neno, akamwangalia, akalimeza.

Kisha mama yule akapaza sauti kwa Kinyamwezi, akisema na ukuta ulio mbele yake, huku anayeambiwa akiwa nyuma. Nayaandika kwa Kiswahili: "Mwanangu, nipo. Sikuoni, nawe hunioni. Mtoto wako ananyonya vizuri. Mimi sijaja kutazamwa wala kutazama. Lala."

Kutoka ndani tukamsikia, kwa ile sauti ndogo, "Ndiyo, mama."

Niliingia. Alikuwa analia. Mtu aliyelala chali akilia, machozi humwingia masikioni, na huyu hana mkono wa kuyafuta. Niliyafuta mimi, sikio la kulia, kisha la kushoto. Nikamvua ule mkono mmoja wa shati, taratibu, muuguzi akiishika shingo.

Saa ya kutazama wagonjwa ilipofika nilisimama dirishani nione. Walikuja wazee wawili wa kanisa wakiwa na wanakwaya. Wakamkuta mama yule kizingitini.

"Mama, tunaomba tupite tumwone kijana wetu. Tungemwinua kidogo, tumwombee."

"Mwombeeni hapo mlipo. Mungu hazuiwi na ukuta."

"Tungemshika mkono tu."

"Mimi ni mama mkwe wake. Mimi mwenyewe sijamwona. Ninyi ni nani kwake kunizidi?"

Walitazamana. Wakaomba pale pale barazani, wakiwa wamesimama, kwa ufupi ambao sijapata kuusikia kwao. Kisha akaja Kulwa na chupa nyingine. Aliona kilichokuwa mlangoni, akasimama mbali, akapiga magoti akasalimu, akaondoka na chupa yake. Hakuna mtu wa upande wa mume anayeweza kumsukuma mama mkwe. Hakuna hata anayeweza kubishana naye. Aya zangu nne, koma zangu zote, sauti yangu ya gwaride, vimeshindwa na mgongo wa mwanamke mmoja aliyeketi.

Nakiri kwamba jambo hilo pia limeniudhi.

Namba ilikaa juu ya themanini mchana kutwa baada ya hapo. Daktari amesema ikiendelea hivi atazungumza na hospitali kubwa kuhusu safari. Hakusema lini. Sikumbana, maana naona naye anaogopa, na mtu mzima anayeogopa asibanwe mbele za watu.

Nami naogopa. Naona niliandike hilo wazi, kwa kuwa nimejaza ukurasa mzima kwa hasira na msomaji mwangalifu ameshagundua. Kufoka ni rahisi kwangu, nimelipwa kwa kazi hiyo maisha yangu yote. Kukaa kando ya kitanda, kuutazama mkono usioinuka na kutosema neno, hilo sikufundishwa.

Nilipokuwa naaga, Mayunga akaniita. "Shangazi. Mama amekula?"

"Lala."

"Ametoka Kigwa alfajiri. Amekula?"

Ukoo huu utaniua. Nilitoka, nikanunua wali na maharage, nikampelekea mama yule pale mlangoni. Alikula akiwa hajageuka. Nikarudi ndani kumwambia Mayunga kwamba amekula, na amekula chote, ili anyamaze.

Ndipo nilipokiona. Ule mkono wa kulia ulikuwa juu ya shuka, na kiganja kilitikisika. Nilikodoa macho. Kikatikisika tena, au shuka ndilo lililotikisika, kwa sababu pangaboi la darini lilikuwa linazunguka na kila kitu chepesi mle ndani kilikuwa kinacheza. Mayunga alikuwa ameshasinzia. Sikumwamsha. Sikumwita muuguzi. Nilisimama pale na pochi yangu mkononi, mwanamke wa umri wangu, nikijaribu kutofautisha mkono na upepo, na sikuweza.

Kesho nitafika mapema kabla ya wageni. Nitaomba pangaboi lizimwe. Kisha nitatazama.